Ukuta Uliopakwa Chokaa kwa Ajili ya Wageni

Gari la chuo lina kiti kirefu cha nyuma, na kwenye hicho kiti nilikuwa nabeba watu watatu wasioweza kukubaliana hata juu ya dirisha. Mama Matope anataka lifunguliwe asikie harufu ya mto. Bwana Sera anasema tupige kura. Yule wa tatu, Profesa Kwanini, anasema kwanza tuelewane hewa safi ni kitu gani. Mimi nina kitufe hapa mbele. Nafunga yote, mjadala umekwisha.

Majina hayo niliwapa mimi. Mama Matope ni mtaalamu wa maji na udongo. Anatembea na bomba la chuma, analichomeka ardhini, anatoa tope, analinusa kama mtu anayechagua nyama buchani. Bwana Sera yeye anachunguza mambo ya serikali na wananchi: nani ahamishwe, nani alipwe fidia, nani asikilizwe. Shati lake lina mistari ya pasi hata akiwa katikati ya dimbwi. Profesa Kwanini ni mwanafalsafa. Siku ya kwanza nilimuuliza, "Mwalimu, wenzako wanapima, wanahesabu. Wewe unafanya nini hasa?" Akafikiri mpaka nikadhani kasinzia.

"Bado sijajua," akasema.

Nikajisemea, na huyu naye ana mshahara.

Chuo kiliwaweka pamoja kwa sababu ya bonde. Kule chini ya mji mto umezoea kupanda. Mvua zikikolea unaingia kwenye nyumba za watu bila aibu. Halmashauri ilikuwa imepima viwanja juu kilimani, ikawaomba wasomi waseme nani apelekwe. Nyumba ikichorwa nyekundu kwenye ramani, mwenyewe anajengewa juu na ile ya bondeni inavunjwa. Ikichorwa kijani inabaki ilipo, na mwenyewe hapewi hata tofali.

Walikuwa na utaratibu wao. Kila nyumba wanaingia wote watatu, lakini mmoja mmoja, kila mtu na maswali yake, na hakuna kumwambia mwenzako ulichojibiwa mpaka siku ya kikao.

"Ili tusiambukizane," Bwana Sera alinieleza. Utafikiri majibu ni mafua.

Nyumba zilichaguliwa kwa kura. Ilipotoka moja iliyoko kwenye kituta, karibu na daraja la miguu, nikawaambia hapo hapo, "Hiyo ni kwa bibi yangu."

Wakatazamana. Mama Matope akasema, "Basi siku hiyo wewe hushuki. Unabaki kwenye gari."

"Sawa. Lakini nyumba yenyewe haina shida."

"Hilo tutaliona sisi, kijana."

Niseme ukweli, nilitaka ibaki kijani. Bibi ndiye amenilea, yeye ni mama wa mama yangu. Shule niliiacha kidato cha pili, sikufukuzwa, nilichoka tu kukaa. Baada ya hapo nimekuwa gereji, nimeuza kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nimelinda geti la ghala, na kote nimeondoka kwa sababu bosi kasema kitu na mimi nikamjibu. Kila nikiondoka naenda bondeni. Nasukuma mlango, naingia, najilaza kwenye benchi la sebuleni. Bibi anachungulia kutoka jikoni.

"Mume wangu, umefukuzwa au umeacha?"

"Nimeacha."

"Haya, kanawe ule."

Hajawahi kuuliza zaidi ya hapo. Sasa mtu aje avunje nyumba kama hiyo?

Siku tulipokwenda, jua lilikuwa limewaka na ukuta wa bibi ulikuwa mweupe mpaka unaumiza macho. Ndani na nje. Yeye amesimama mlangoni na nguo yake ya kutokea, na kwenye kiwiko ana chokaa mbichi ambayo hakuiona. Nikaelewa. Alikuwa ameambiwa wageni kutoka chuoni wanakuja, akafanya anachofanya siku zote. Chini ya ile chokaa kulikuwa na mstari wa tope uliofika kiunoni. Naujua vizuri, maana mvua iliyopita mimi ndiye niliyebeba kitanda chake kichwani.

Nilikaa kwenye gari nikanyamaza. Sikuulizwa.

Gari nilikuwa nimeliegesha chini ya dirisha la sebule. Kwa hiyo nilisikia kila kitu.

Mama Matope aliingia kwanza. "Mama, maji huwa yanafika humu ndani?"

"Maji? Aa! Yanapita zake kule chini. Hayajawahi kunisumbua, mwanangu. Keti basi, mbona umesimama kama mdai?"

Angesema nini? Umevaa vizuri, umepanga viti, halafu umwambie mgeni kwamba pale anapokaa huwa pana vyura? Mama Matope akapima kuta, hazina alama. Uani bomba lake likagonga kifusi tulichojaza wenyewe kuinua kituta. Akatoka, akaandika, uso hauna neno.

Akaingia Bwana Sera. "Bibi, ikiamuliwa uhame, uko tayari?"

"Nyinyi wakubwa mkisema nihame, mimi ni nani? Nitahama. Kunywa maji, baba, umetoka jasho."

Akanywa, akashukuru, akatoka. Mistari ya pasi iko vile vile.

Halafu Profesa Kwanini. Alikaa humo mpaka wenzake wakaenda kutafuta kivuli upande wa pili wa barabara. Mwanzoni walikuwa wanaongelea kuku. Kisha nikamsikia akiuliza, kwa sauti ya mtu anayeona haya, "Bibi, nyumba ni nini?"

Bibi akacheka mpaka akakohoa. "Mwalimu, umesoma kote huko na nyumba hujui?"

"Yangu naijua. Yako ndiyo siijui."

 Nikasikia bibi anasogeza sufuria.

"Nyumba ni pale ambapo mtu akitimuliwa kwingine kote, anasukuma mlango anaingia. Habishi hodi."

"Nani huyo asiyebisha hodi?"

"Si huyo dereva wenu! Mdomo wake hauna breki. Kila kazi anagombana. Leo yuko kwenu, kesho mtamrudisha."

"Na kama asingekuwepo?"

"Ningeshaondoka zamani." Alisema haraka, kama mtu aliyekuwa anasubiri aulizwe. "Unafikiri napapenda hapa? Mvua ikianza mimi silali. Nalala mkono nimeuning'iniza chini, maji yakiingia yanishike vidole kwanza, niamke. Binti yangu ananiita kila siku nikakae naye. Ana chumba kimoja. Sasa nikienda, huyu mume wangu ataingilia wapi?"

Nilishika usukani na gari limezimwa.

Tuliporudi sikugusa kitufe cha madirisha. Walifungua walivyotaka. Tulipofika chuoni, wale wawili wakashuka, Profesa akabaki anatafuta miwani aliyokuwa ameivaa.

"Mwalimu," nikamwambia, "utawaambia alichosema?"

"Siku ya kikao." Akanitazama. "Kumbe ulisikia."

"Dirisha lilikuwa wazi."

"Na wewe unaonaje?"

"Mimi ni dereva."

"Sikukuuliza kazi yako."

Nikamfungulia mlango ashuke.

Siku ya kikao nilipanda na maboksi ya matope, nikayapanga ukutani, kisha nikasimama pale mlangoni kama mtu anayengoja kuambiwa ayarudishe. Ramani ya bonde ilikuwa imetandazwa mezani. Nilikitafuta kituta. Kijani. Nilipaswa kufurahi. Nikakumbuka mkono unaoning'inia.

Wakaenda nyumba kwa nyumba, mambo yanakwenda vizuri, mpaka wakafika hapo.

"Hapa pakavu," Mama Matope akasema. "Ukuta hauna alama hata moja, na mwenyewe amesema maji hayafiki."

"Mimi kaniambia yuko tayari kuhama," Bwana Sera akasema, "lakini kama ni kijani hatuna sababu ya kumpa kiwanja. Twende mbele."

"Mimi kaniambia mvua ikinyesha halali," akasema Profesa.

"Kwa nini asilale kwenye nyumba kavu?" Mama Matope akauliza.

"Ndicho ninachouliza na mimi."

"Usianze," Bwana Sera akasema. "Tafadhali. Usianze."

"Anashusha mkono sakafuni apate kuyahisi maji. Hicho si kitu cha kubuni."

Mama Matope akageuza karatasi zake. "Mimi nimeona ukuta, bwana. Ukuta haudanganyi. Huenda ni hofu tu, mtu mzima yule. Wewe umeleta hisia, mimi nimeleta vipimo."

"Na mimi nimeleta ridhaa," Bwana Sera akadakia. "Yaani tumeingia nyumba moja tukakutana na bibi watatu. Tuandike kwamba majibu yanagongana, ibaki kijani, tuendelee. Bado tuna mtaa mzima."

Akachukua kalamu. Mimi nikaona mlango wa bibi, ule ninaousukuma kwa bega. Nikinyamaza tu, unabaki. Sihitaji kusema uongo wowote. Ni kunyamaza tu, kama nilivyonyamaza kwenye gari.

"Kapaka chokaa," nikasema.

Wakageuka wote.

"Nani?"

"Bibi. Mlituma ujumbe kwamba mnakuja wageni. Wewe, mama, ukiambiwa wageni wanakuja, hufagii?"

Nilidhani Mama Matope atakasirika. Aliniangalia tu, macho yamekuwa madogo. "Alipaka juu ya tope?"

"Anafuta linalofutika, linaloganda anapaka juu yake."

"Mara hii tu, au huwa anapaka?"

"Kila mvua zikiisha. Tangu sijazaliwa."

"Kila mvua." Alikuwa ameshasimama, anatafuta mkoba. "Kila mvua! Washa gari."

"Kikao je?" Bwana Sera akauliza.

"Kikao kinapanda gari."

Safari hiyo sikuambiwa nibaki nje. Bibi alikuwa anaanika nguo. Alipotuona akaanza kujipangusa mikono, akatafuta viti, na Mama Matope akamwambia kwa adabu kabisa, "Mama, naomba nikwaruze ukuta wako kidogo. Hapo nyuma ya mlango tu."

Bibi aliacha kujipangusa. Alinigeukia mimi.

"Mume wangu, umekwenda kusema nini huko?"

"Nimesema kweli."

"Umenivua nguo mbele ya wageni."

"Ndiyo, bibi."

Akakaa kwenye benchi langu, akaangalia pembeni. "Haya, kwaruzeni. Si mmeshaniona."

Mama Matope akapiga magoti na kisu chembamba. Alikata pole pole, akavuta kipande, akakigeuza kwenye mwanga wa mlango. Sikuwahi kujua kwamba ukuta una ndani. Chokaa, tope, chokaa, tope, nyembamba kama maganda ya kitunguu, zimelaliana mpaka kwenye tofali. Kila mto ulipokuja na tope lake, bibi alilifungia humo na chokaa yake.

"Nimetoboa bonde zima natafuta kitu kama hiki," Mama Matope akasema, polepole, kama anaongea na kile kipande. "Mto unajisafishia njia, unakula alama zake wenyewe. Hapa zipo zote. Tazama, tabaka hizi za ndani, za zamani, ni nyembamba. Hizi za nje nene. Mto unazidi kupanda."

Bwana Sera alipiga goti moja kwenye sakafu bila kuangalia suruali yake. Profesa aliinama nyuma yao, kwa mara ya kwanza hana swali.

"Yaani uchafu wangu ndio mnaoutaka?" bibi akasema.

"Mama, huu uchafu wako utahamisha mtaa."

Bibi alijaribu kubaki amekasirika, mdomo ukamsaliti. "Ningejua nisingenunua chokaa."

Bwana Sera akainuka. "Bibi, lile swali langu naomba nilirudie. Safari hii usinijibu kama mgeni. Uko tayari kuhama?"

Hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, na nikaona ananingoja. Nilikuwa na maneno mengi njiani, yakabaki mawili.

"Hama, bibi."

"Na wewe?"

"Nikija nitabisha hodi."

"Thubutu!" akasema. "Thubutu uone."

Ramani ilipotoka tena kituta kilikuwa chekundu, na si hicho tu. Nyumba zote za upande ule wa daraja zilibadilika rangi. Siku ya kuvunja niliomba kazi nyingine nisiende. Bibi alikwenda. Aliniambia mlango ulitoka mzima, fundi akaubeba.

Sasa yuko juu, vyumba viwili na baraza, na mlango ni ule ule, wameuranda tu chini maana ulikuwa umevimba. Mimi bado naendesha gari la chuo. Sijagombana na mtu, isipokuwa Bwana Sera, na yeye anasema hiyo ni mijadala. Wiki iliyopita mvua ilianza mchana tukiwa barabarani. Profesa Kwanini akaniuliza, "Hivi bibi siku hizi analala?" Nikamjibu sijui. Ni kweli nilikuwa sijui.

Nilipowashusha nikapanda kilimani. Nikasukuma mlango. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu zote na sakafu ilikuwa kavu, kavu kabisa, na bibi amelala usingizi wa mchana, anakoroma. Mkono wake ulikuwa unaning'inia nje ya kitanda, vidole vimegusa saruji.

Niliuinua taratibu nikaurudisha juu ya shuka. Akavuta pumzi, hakuamka. Nikakaa kwenye benchi kuvua viatu.

Nilipoinua macho, ulikuwa umeshuka tena. Nikauacha.