Uzi Mweusi wa Wifi

Haya, sogea nikutegee. Naanza mimi, unamaliza wewe, na hakuna aliyempa mwenzake kitu. Ni nini? Usitazame dari, jibu haliko huko. Ni mwayo, mjukuu wangu! Na usijitetee, nimekuona ukiziba mdomo kwa kiganja.

Sasa fikiria ugonjwa unaosambaa hivyohivyo, bila mdudu wala homa. Uliingia kwenye karakana moja ya kushona mashati, yenye mafundi wanawake watupu. Aliyeuanzisha aliitwa Dada Mkubwa, maana ndiye aliyetangulia kuajiriwa pale, na hakuacha mtu asahau hilo.

Dada Mkubwa alishona kola. Kiti chake kilikuwa dirishani, penye mwanga. Kisha kaka yake akaoa, naye kwa hiari yake akamleta wifi yake kuomba kazi. "Mfundisheni polepole," aliwaambia wenzake, "hajui kitu huyu."

Kumbe anajua! Kola zake zilikaa shingoni kama zimeota hapo. Haukupita muda Msimamizi akasema, "Dada Mkubwa, mpishe Wifi dirishani. Kola ni zake sasa. Wewe shona mikono."

Karakana nzima ikawa Wifi, Wifi, ungedhani ameolewa na wote. Nyumbani nako vilevile. Kaka mtu akionja mchuzi anauliza kwanza kaupika nani. Mama mtu anamwita mkwewe "mwanangu", halafu anamgeukia bintiye: "We, lete maji." Roho ikamuuma Dada Mkubwa hata chakula kikawa hakipiti.

Sasa, mafundi wale walikuwa na utaratibu wao. Kila mmoja alikuwa na rangi yake ya uzi, na akimaliza fungu la mashati alilifunga kwa uzi huo, ili kosa likionekana lijulikane ni la nani. Wifi alipofika, rangi zote zilishachukuliwa. Ikabaki nyeusi. Hakuna aliyejali, mpaka asubuhi moja Msimamizi alipoinua kola ya Wifi mbele ya watu wote.

"Tazameni! Hivi ndivyo kola inavyoshonwa."

Dada Mkubwa alikuwa amelishika fungu la Wifi ili atie mikono. Akaliachia, likaanguka puu.

"Vidole vyangu jamani! Vimekufa ganzi! Huu uzi... huu uzi umefanyiwa kitu!"

Aliyefuata ni Kifungo, binti mshona vifungo, ambaye alikuwa ametoka kufungua fungu jingine la Wifi. Akavitazama vidole vyake, akataka kuvikunja. Havikunjiki. Halafu aliyeketi nyuma yake. Halafu mpiga pasi, ambaye hata uzi hakuugusa, kapita tu karibu. Mikasi ikawa inadondoka kila upande.

"Mimi mpaka kiwikoni!"

"Afadhali wewe, mimi mpaka begani!"

Utafikiri wanashindania zawadi.

"Mtu mwenye akili zake atachagua nyeusi?" mmoja akafoka.

"Sikuchagua! Si ndiyo mliyoniachia?" alisema Wifi.

"Na kola zile, ule ni mkono wa binadamu?"

Wifi akawaacha, akamgeukia Dada Mkubwa. "Wifi yangu, wewe unanijua, tunakula sahani moja. Niambie kweli. Vidole vyako vimekufa ganzi?"

Dada Mkubwa akavificha vidole kwapani, akatazama sakafu. Wenzake wakauchukua ukimya ule kuwa ndiyo.

Kesho yake mafungu yenye uzi mweusi yalikuwa yametupwa uani. Kifungo aliletwa na mama yake. Alivishwa, akalishwa kwa kijiko, na mikono yake ilining'inia kama nguo mbichi kambani. Kaka mtu naye, habari zilipomfikia, alimwambia mkewe atangulie kwao kwanza, mambo yapoe. Mafundi wakamwambia Msimamizi: yeye au sisi.

"Wifi, kusanya vyako," alisema Msimamizi bila kumtazama. "Dada Mkubwa, rudi dirishani."

Mwenzangu, ilikuwa tamu! Dada Mkubwa akakaa, mwanga ukammwagikia mapajani. Mikono ikaikumbuka kazi kabla yake. Akachukua uzi, akaulamba ncha, akautia kwenye tundu la sindano. Mara moja tu, ukapita.

Akaganda. Lakini nani kamwona? Macho yote yalikuwa kwa Wifi, anayefunga mkasi wake kwenye kitambaa. Kasoro Kifungo, aliyeketi pembeni bila kazi.

"Dada Mkubwa, umepona!" Uso wa binti yule ulichanua. "Basi na mimi nitapona? Ulijipaka nini? Niambie, mama amechoka kunilisha."

Kusema amejipaka mafuta kulikuwa rahisi. Mezani palikuwa na kola aliyoiacha Wifi, nusu imeshonwa, nusu bado, na hata hiyo nusu ilikuwa imelala vizuri kuliko yoyote aliyowahi kushona yeye. Wivu ukamkaba upya. Angenyamaza kidogo tu, kola zote zingekuwa zake.

Kifungo alikuwa bado anangoja jibu, mikono imelala mapajani kama ya mtu mwingine.

"Wifi!" aliita Dada Mkubwa.

Wifi alikuwa ameshafika mlangoni. Akasimama, lakini hakugeuka.

"Jana uliniuliza kitu mbele ya watu."

Mafundi wakageuka mmoja mmoja.

"Havikufa ganzi, wifi yangu. Hata kimoja."