Weupe Ndani ya Damu ya Okech

Mwaka ule dhahabu ilipowachanganya watu akili Tarime nzima, Okech wa Susuni alikuwa muoshaji hodari. Miaka minne alikoroga zebaki ya kunasia dhahabu kwenye karai kwa mikono mitupu. Jiwe likamchana mguu, mguu ukavimba na kutoa usaha, akaenda zahanati. Mokami, dada wa maabara aliyechoma na sindano pia, akapima damu na kumwambia, "Kaka, seli nyeupe za damu zimezidi mno."

Okech akajua amekwisha. Nyeupe gani tena? Si zebaki hiyo, imeingia kwenye damu!

Sindano ya dawa aliyoandikiwa akaikataa katakata. "Mtu umejaa sumu, wakuongezee nyingine? Navuka mpaka wa Sirari kwa mjomba. Kuna mzee kule anaumika watu kwa pembe, ataitoa yote na damu yake."

Loo, mtu mzima na ndevu zake! Mokami hakumcheka. "Ukivuka na mguu huu, utarudi na mmoja. Njoo uichungulie damu yako kwanza."

Okech akafumba jicho moja, akainamia hadubini. Alitegemea kuona matone yanayong'aa. Akaona viduara vya rangi ya waridi tele, na kati yao vikubwa vyenye viini vya zambarau.

"Hao wakubwa ndio weupe, rangi tumewapaka sisi. Wenye kiini cha vipande vipande ni neutrofili, wa kwanza kufika kwenye kidonda, wanameza vijidudu. Huyu wa mviringo ni limfosaiti, anamkumbuka adui asije akarudi kirahisi. Lile pandikizi ni monosaiti, linakula mabaki."

"Zebaki je?"

"Hiyo acha kuishika, inadhuru kweli. Ila hawa wameongezeka kwa sababu ya kidonda chako."

"Na usaha?"

"Wengi ni neutrofili waliokufa."

Okech akautazama mguu wake. Asubuhi alikuwa ameukamua usaha ule huku akiutukana kwa Kijaluo matusi yote ya machimboni. Aibu ikamshika.

"Kwani hawakimbii?"

"Wanakimbilia huko huko kwenye kidonda."

Mwaka jana shimo lilipoanza kuporomoka, Okech alikuwa wa kwanza kupanda juu. Oduol, mwenzake wa tangu utoto, alibaki chini akimwita. Hakuwahi kumsimulia mtu.

Akajifuta macho kwa kiganja, akageuka, akalegeza mkanda.

"Nichome, dada. Hawa nisiwaache."