Sauti ya Lyle Pocha

Beki wa hoki ya barafu akikimbilia kisahani, kile wanachogombea badala ya mpira, kwenye kona, huwapa wapinzani mgongo, na macho yake ni mwenzake. Kwa misimu kumi na mmoja macho ya Orest Hnatiuk yalikuwa Lyle Pocha. Lyle akipaza "Kulia!" Orest alikwenda kulia bila kugeuka, na aliyekuja kumvunja mbavu alijibamiza ukingoni peke yake.

Novemba Lyle alimuuliza kama ziwa limeganda vya kutosha. Kwao Saskatchewan, Kanada, aliyetoboa barafu kupima unene wake ndiye husema, na wengine humsadiki. Orest alikuwa ametoboa tundu moja tu, karibu na ufuko, maana baridi ilimtia uvivu.

"Imeshika, nenda," akasema.

Lyle akaenda kuvua katikati ya ziwa na pikipiki yake ya theluji. Hajapatikana hadi leo.

Januari sauti yake ikarudi, Orest akiwa uwanjani. Daktari alikwisha kumwambia Orest kwamba shingo yake haihimili pigo jingine, akigongwa tena hatatembea. Mwenye akili timamu angestaafu. Lakini sauti ile haikukosea hata mara moja, na Orest alicheza miezi mitatu bila kuguswa. Ilimtisha mno, na bado kila mchezo aliisubiri kwa hamu.

"Mzee, masikio unayo?" Tessier, beki aliyepewa nafasi ya Lyle, alimuuliza wakifunga viatu kabla ya mchezo wa mwisho wa msimu. "Nakuita huku, unaenda kule."

"Wewe unakosea."

"Sikosei kila siku bwana. Kwani unamsikiliza nani?"

Orest aliinama akaanza kuzungushia gongo lake utepe.

Dakika za mwisho kisahani kikaingia kwenye kona, Orest akakifuata.

"Kulia, mzee, kulia!" Tessier alipiga kelele.

"Kushoto," Lyle akasema, taratibu, sikioni kabisa. "Imeshika, nenda."

Orest aliyajua maneno hayo, yalikuwa yake mwenyewe. Alikuwa na nafasi ya kugeuza shingo atazame, lakini hakuigeuza. Lyle naye hakutazama siku ile ya ziwa. Orest akaenda kushoto.

Alipopata fahamu shavu lake lilikuwa juu ya barafu, na miguu hakuisikia. Tessier alikuwa amepiga magoti kando yake, analia. Chini ya barafu ya uwanja ni zege tupu, kila mchezaji anajua hivyo. Orest alisikia mtu akigonga kutoka chini.