Kivuli cha Meza Namba Moja

Saa nne kasorobo asubuhi, jua lilipofika kwenye dirisha la mashariki la karakana ya sare, Bi Mkasi alivua viatu, akasimama kwenye kigae cha tatu kutoka ukutani na kuita kipimo.

"Mlinzi wa benki. Kifua arobaini na mbili, bega la kushoto limeshuka, tumbo la kujitakia."

Kivuli chake kilikuwa kimelala juu ya kitambaa cha kijivu kwenye meza namba moja. Kikajipanua kifuani, kikashusha bega la kushoto na kutoa tumbo. Bi Mkasi akainama na kukizungushia chaki. Kivuli hakikusogea hata alipoinama, maana kilikuwa na adabu ya kazi. Alipomaliza kukata akaita mwingine, mpishi wa hoteli, mrefu, mikono mifupi.

Alikata hivyo kwa miaka ishirini na miwili. Karakana haikuwa na vielelezo vya karatasi vya kukatia nguo kama karakana nyingine, kwa sababu meneja wa kwanza aliona karatasi zinajaza nafasi bure, na wa pili akakuta mambo yameshazoeleka. Nusu ya watu mjini waliovaa sare walivaa nguo zilizotoka kwenye kivuli cha mwanamke mmoja mwembamba, na ziliwakaa vizuri. Jina la Bi Mkasi alipewa na washonaji, kwa ajili ya mkono wake na pia kwa ajili ya ulimi wake.

Alikuwa na kila kitu cha mkataji mkuu isipokuwa barua ya ajira. Kila mwaka aliiomba, na kila mwaka aliambiwa faili lake liko mezani. Kwa hiyo alibaki kibarua, asiye na hata siku moja ya likizo. Kwenye orodha ya wafanyakazi iliyobandikwa mlangoni, mbele ya maneno "Mkataji Mkuu", palikuwa na mstari mtupu. Mstari ule aliutaka kuliko alivyowahi kutaka kitu kingine chochote duniani, na kila mtu karakanani alilijua hilo.

Ndipo wifi yake akaja.

Mume wa Bi Mkasi alikuwa mpaka rangi wa nyumba, mtu wa mzaha, na mdogo wake wa kike alikuwa mboni ya jicho lake.

"Mdogo wangu amekaa nyumbani mwaka mzima," alimwambia mkewe. "Mfundishe hata kushika mkasi."

"Mkasi wa nini? Si anakuja kukata watu maneno hapa kila Jumapili?"

Mume akacheka. Lilipokuja suala la mdogo wake, alicheka kila kitu. Chumba cha mdogo wake alikuwa amekipaka rangi mara tatu bila kuombwa, wakati jiko la mkewe lilikuwa na plasta tupu tangu walipooana. Bi Mkasi alipika humo kila siku na kila siku aliutazama ukuta. Hata hivyo alizungumza na meneja, kwa kuwa hakutaka isemwe kwamba ana roho mbaya.

Wifi alikuwa na miaka ishirini na sita na uso mkunjufu wa kuudhi. Meneja alimpa wiki sita za kujifunza, na maelekezo yalikuwa mafupi tu: amfuate Bi Mkasi popote aendapo. Akamfuata mezani, akamfuata stoo, akamfuata mpaka mlango wa choo na kusubiri nje ameshika daftari. Lakini alifanya jambo moja ambalo halikuwahi kufanywa na mtu yeyote pale. Kivuli kilipokuwa sakafuni, hakukikanyaga. Alikizunguka. Na kila asubuhi, akishamwamkia Bi Mkasi, alikiamkia na chenyewe.

"Kinakuitikia?" Bi Mkasi alimwuliza.

"Bado, wifi. Ila kinasikia."

Bi Mkasi hakuwahi kukisalimia. Ni nani anayeusalimia mguu wake mwenyewe? Lakini siku hiyo wivu ulimshika, wivu mkali, chini ya mbavu, na alishinda nao hadi jioni bila kujua auweke wapi.

Wiki ya tatu kivuli kilianza kuchelewa. Bi Mkasi alinyoosha mkono, na chenyewe kikanyoosha baadaye, kikishamaliza kuangalia upande aliokaa wifi. Wiki ya nne, wakati wa chakula cha mchana, Bi Mkasi alikula kwenye benchi la mlangoni peke yake. Kivuli chake kilikuwa uani kwenye miguu ya wifi, kimekaa ubavuni mwa kivuli cha wifi, vimekutanisha vichwa kama watu wanaomsengenya mtu wa tatu. Washonaji waliona, wakaendelea kula.

"Cha Bi Mkasi kimenenepa," mmoja alisema.

"Kimepata matunzo," mwenzake akajibu.

Kuna mwaka mume wake alisifia sauti ya jirani kutwa kucha, na Bi Mkasi akajifanya hamnazo na kweli hakuumia. Hili lilimuuma. Alianza kwenda kazini kwa njia za vichochoroni, chini ya mapaa yanayogusana, ili kivuli kisipate jua la kutanga nalo. Mchana alikifungia stoo pamoja na majora ya kitambaa. Na wifi alipouliza jambo la kazi, alimpa jibu la upande, au alimwambia angoje, au alimpa mgongo. Wifi alishukuru kwa kila jibu. Hata hilo lilimkera.

Ijumaa ya wiki ya tano, wenzake walipokwisha kutoka, Bi Mkasi alikilaza kivuli mezani, akachukua boksi la pini na kukibana ukingoni kote, pini moja kwa kila inchi, kama anavyobana bitana ya koti. Ulikuwa uamuzi wa mkataji. Kwa mkataji, kitu kilichobanwa kimekaa, na kama hakijakaa ongeza pini. Alitumia mia mbili na kumi na mbili, kisha akaenda nyumbani, na njia nzima hakukuwa na kitu nyuma yake.

Jumamosi wifi aliwahi. Alikikuta kivuli mezani kimekunjamana kwa kujivuta. Akakaa, akatoa pini moja baada ya nyingine na kupapasa kila tundu kwa kidole. Bi Mkasi alipoingia, ya mwisho ilikuwa bado mkononi mwa wifi. Kivuli kikashuka mezani, kikavuka sakafu, kikampita Bi Mkasi mwenyewe na kwenda kujishika kwenye visigino vya wifi.

"Mimi sikukiita, wifi," wifi alisema.

"Najua. Hilo ndilo linaloniuma."

Jumatatu meneja alimkabidhi wifi bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na barua ya ajira, muhuri na sahihi mbili, na saa sita mchana jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye ule mstari mlangoni, kwa wino mweusi, kwa herufi kubwa. Bi Mkasi alilisoma mara mbili. Kisha akaenda ofisini.

"Miaka ishirini na miwili nimeiomba barua hiyo," alisema.

"Ni kweli," meneja akasema.

"Yeye ana wiki sita."

"Tano." Meneja aliweka kalamu chini. Hakuwa mtu mkali, na alimvutia kiti. "Bi Mkasi, kivuli kilikuwa chako. Ungeondoka ungekipeleka wapi? Mume wako yuko hapa, nyumba yako iko hapa, sisi tumekuzoea. Huyu ni binti mdogo. Karakana ya ng'ambo ya barabara ikimwita kesho, anakwenda nacho. Lazima tumshike."

Bi Mkasi akakirudisha kiti mahali pake, akatoka.

Alihamishiwa kwenye vifungo. Ilionekana anafaa, kwa kuwa hakumzibia mtu mwanga. Aliweza kusimama katikati ya dirisha na cherehani, na mshonaji akatunga uzi bila kumwomba asogee.

Jumapili wifi alikuja nyumbani na ile barua. Kaka yake akaisoma kwa sauti, akampongeza, akampongeza tena, kisha akamwona mkewe na kushusha sauti.

"Mke wangu, usinune. Si imebaki kwenye familia?"

"Familia yako. Mimi imenibakia sindano."

Bi Mkasi aliomba aishike. Aliisoma yote, mpaka kifungu cha likizo, siku ishirini na nane kwa mwaka. Ilikuwa barua nzuri, na aliitamani hata karatasi yake.

"Nilimwambia meneja akupe wewe," wifi alisema taratibu. "Akasema nafasi ni moja."

Bi Mkasi alijua kwamba anasema kweli. Angefurahi zaidi kama angekuwa anadanganya, maana mwongo unaweza kumchukia ukalala.

Mwaka uliofuata wifi alichukua likizo, akaondoka na vivuli vyote viwili. Kesho yake iliingia kazi ya sare mia tatu na arobaini za wauguzi. Meneja alikuja kwenye meza ya vifungo na kukohoa.

"Hebu jaribu," alisema.

Bi Mkasi akavua viatu, akasimama kwenye kigae cha tatu. Juu ya kitambaa hapakuanguka kitu, ila jua. Akaita kipimo cha kwanza kwa mazoea, akasubiri, kisha akachukua chaki na kuchora. Mkono ulijua. Ulijua kiuno, ulijua nyonga, ulijua nesi gani hubeba mtoto upande gani. Alikata moja, akakata kumi, na kwa siku ishirini na nane alikata bila wivu wowote, kwa mara ya kwanza tangu wifi aje. Usiku alilala. Asubuhi aliutazama mlango wa karakana na kuiona moyoni orodha ikiandikwa upya.

Siku ya mwisho alikwenda ofisini.

"Sare mia tatu na arobaini," alisema. "Hakuna hata moja iliyorudi. Kumbe kile kivuli kilikuwa hakikati kitu."

"Nimeona," meneja akasema.

"Basi?"

"Basi tumepata nafuu. Nilikuwa na wasiwasi juu ya likizo yake. Sasa ataipata kila mwaka, na zamu yake utashika wewe."

Meneja akamshukuru, na shukrani zake zilikuwa za kweli.

Wifi alirudi Jumatatu, amependeza, na kivuli kimependeza zaidi. Kilikuwa kimejaa na kung'aa, na kilimfuata karibu karibu mpaka meza namba moja, ambako Bi Mkasi alikuwa akikunja kitambaa kilichobaki.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Umepumzika?"

"Sana. Na chenyewe pia."

Bi Mkasi akakitazama. Kivuli kilikuwa kinatazama chaki.

"Kiliniulizia?" alisema.

Wifi alifikiri kidogo, maana hakutaka kumdanganya.

"Hapana, wifi."

Bi Mkasi akatikisa kichwa kukubali, akavaa viatu vyake na kumpisha.