Mama wa Mapacha

Chumba cha kazi kilinuka miguu na chakula kilichochacha. Madirisha yalipigiliwa misumari ili mpita njia asichungulie. Simu zilifungwa mezani kwa minyororo, na kila simu ilikuwa na mtu wake wa uongo. Binti wa meza ya pembeni hakuwa na mume wala mtoto, lakini mtandaoni alikuwa Mama wa Mapacha, mama mcheshi anayependwa na watu. Alilipwa kukitetea kiwanda cha rangi. Wakazi wakilalamikia maji, yeye huwacheka mpaka wanyamaze. Uchafu mtupu, ila ndio uliolisha nyumba yao.

Asubuhi hiyo msimamizi alimwekea video. Binti aliitambua sauti kabla ya sura. Ni dada yake, anayelala naye chumba kimoja, amemgeuza mwanawe mgongo mbele ya kamera: mapele, magamba, usaha.

"Tazameni maji ya bomba yanavyotufanya," dada alikuwa akisema. "Kiwanda kinamwaga sumu, sisi tunaoga."

"Imesambaa mno," msimamizi alisema huku akichokonoa meno. "Mheshimiwa mbunge ana hisa zake pale kiwandani, na uchaguzi huo unakuja. Mzime huyu mama."

"Nimzimeje, bosi?"

"Kwani wewe si mama? Mwambie mtoto haogeshwi. Mwanamke ukimwita mchafu, hujificha mwenyewe."

"Bosi, huyu... labda apewe mwingine."

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame, binti. Unainama, au niwaite wale?"

Wale walikuwa wasichana waliojipanga nje mlangoni tangu alfajiri, wakiomba kazi hiyohiyo. Binti aliinamia simu, akaandika: "Pole shoga, lakini maji hayana kosa. Msugue mwanao kwa brashi mpaka magamba yatoke. Wangu wawili wanaoga maji hayohayo na wanang'aa. Tuache uvivu jamani!"

Vicheko vilimiminika. Watu wasiomjua dada yake walimwita kinyaa, mzembe, mama wa jina tu. Msimamizi alimpiga binti begani, akawaambia wenzake waige. Kisha, na hili ndilo la kutia kinyaa kuliko yote, akajisikia fahari kidogo.

Jioni alikisikia kilio kabla hajafika mlangoni. Dada yake alikuwa amechuchumaa kando ya beseni, brashi ya kufulia mkononi, macho yamevimba. Mtoto alikuwa uchi, akitetemeka. Povu mgongoni mwake lilikuwa jekundu.

"Afadhali umekuja, mdogo wangu," dada alisema bila kuinua uso. "Dunia nzima inasema simwogeshi mwanangu. Lakini kuna mama mmoja kaeleza vizuri, Mungu ambariki. Hebu nishikie mikono yake, ananiponyoka."

"Mama mdogo!" mtoto alilia, akamnyooshea mikono yote miwili.

Binti aliishika, akaibana, na brashi ikaendelea.