Mbuzi wa Mama Méthode

Damu ya Libérate ilikuwa nane. Nesi Emerensiana aliiandika namba hiyo kwenye kadi ya kliniki, akaipigia mstari mara mbili, kisha akamgeukia Lidia, mama mkwe aliyemsindikiza.

"Mama Méthode, damu ya huyu ni ndogo, na zimebaki wiki sita ajifungue. Vidonge ameze kila siku. Nyama nyekundu ale. Chai asinywe pamoja na chakula."

Lidia si mtu wa kuambiwa jambo nusunusu. Alivuta kiti, akakaa.

"Nyama ipi? Ng'ombe, kondoo na mbuzi, ipi inashinda kwa damu?"

"Hazipishani sana, mama. Kondoo ana mafuta mengi. Mbuzi mafuta yake kidogo. Zote zitamsaidia."

"Basi ng'ombe," alisema Lidia, akainuka akijua mambo yamekwisha.

Yangekwishaje? Wiki hiyo mnada wa ng'ombe ulifungwa kwa ugonjwa wa miguu na midomo, na mabucha ya Kashaulili yalining'iniza mbuzi watupu. Lidia alizunguka soko zima, akagombana na wauza nyama watatu wasio na kosa, akarudi nyumbani Mwamkulu na dagaa. Zizini kwake mbuzi saba walimtazama huku wakitafuna.

Maana kwa akina Lidia, tangu wazee wao walipotoka Burundi, mwanamke hali mbuzi. Akila ataota ndevu. Uraia walishapata, mashamba walishapata, lakini hilo la ndevu hawakuliacha, na hakuna aliyelisimamia kwa ukali kama Lidia.

Jioni Libérate alikuwa akiosha dagaa uani. Lidia akaviona viganja vyake, vyeupe, havina rangi kabisa. Viganja vya namna hiyo aliwahi kuvishika, vya binti yake Evaline, aliyevuja damu akijifungua akafa, miaka tisa iliyopita. Hofu ilimkamata Lidia, na nyuma ya hofu zikaja hasira. Safari hii hakubali.

"Baba Méthode," alimwita mumewe Salvatori, "chinja yule mbuzi mwekundu."

Salvatori alichinja kwa furaha, akidhani anajichinjia. "Ini langu msilikaushe," alikumbusha.

"Leo huna ini," alijibiwa.

Chakula kilipoiva, Lidia aliweka bakuli mbele ya Libérate. Msichana akarudisha mikono nyuma.

"Mabukwe," alisema, kama wanavyomwita mama mkwe kwa Kirundi, "siku ya kwanza naingia nyumba hii ni wewe ulinikataza. Siwezi."

"Unaogopa ndevu kuliko kufa?"

"Naogopa kukukosea heshima."

Lidia aliinamia bakuli. Akachukua kipande kikubwa kuliko vyote, akakitia mdomoni. Salvatori akaacha kutafuna. Machozi yalimtoka Lidia, lakini alitafuna mpaka akameza. Akachukua cha pili.

"Nina miaka hamsini na nane," alisema. "Zikiota, nitanyoa. Kula, mwanangu."

Libérate akala, kwanza kwa woga, halafu kwa njaa. Alikula siku hiyo, akala kesho yake, mbuzi wa zizini wakaisha mmoja baada ya mwingine, akameza vidonge, na chai Lidia akaificha kabisa.

Wiki tano baadaye nesi Emerensiana aliandika kumi na nusu. Safari hii hakupiga mstari.

"Hongera, Mama Méthode. Nyie huwa hamli mbuzi. Nani alikushauri?"

"Evaline wangu," alisema Lidia.

Nesi alimtazama. Yeye alimfahamu Evaline, na mazishini alikuwepo.

"Alikuwa na mimba ya miezi minane," Lidia aliendelea. "Alichukua kipande cha mbuzi sufuriani, akaniambia, mama, mwili wangu unaitaka hii. Nikampokonya kikiwa mdomoni."

Akaikunja kadi vizuri, akamshika Libérate mkono, wakaenda sokoni kununua mbuzi mwingine.