Pua ya Pikapu ya Feisal

Feisal aliingiza pikapu gereji kwangu, hapa Nsemulwa, akashuka huku anatafuna bigijii.

"Mambo, Hadia," akasema, utadhani jana tulikula sahani moja.

Ebo! Mtu huyu aliniposa. Barua ikajibiwa, wazee wakakaa, mama akaanza kununua vyombo. Halafu akanitangaza Mpanda nzima kwamba amenikuta humu ndani ya gereji na dereva wa lori la mahindi. Uongo mtupu, wallahi! Alishampata Nasma, binti wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akatafuta njia ya kunitoka ambayo aibu haitamwangukia yeye. Ikaniangukia mimi. Wake za watu wakawakataza waume zao wasilete magari kwangu. Nikienda msibani, wanawake wanavuta kanga zao nisizikalie. Mama yangu aliacha hata kwenda sokoni. Nyie, mimi nilikuwa nataka kitu kimoja tu: Feisal aseme kwa mdomo wake, mbele za watu, kwamba alinisingizia. Na aseme huku inamuuma.

"Jumamosi naoa," akasema. "Sasa ona hii gari, imeinama mbele. Nyuma niliongeza springi kwa ajili ya dagaa wa Ikola, imebaki inanusa barabara. Ninyanyulie pua, isimame kibabe. Nyuma watapanda matarumbeta, mbele nakaa mimi na bibi harusi."

Hana haya! Lakini mafundi wengi mjini hawapendi kugusa tosheni, vile vyuma viwili virefu vya chini vinavyobeba mbele ya gari. Kila kimoja kina boliti yake. Ukikaza, pua inapanda. Kazi hiyo alinifundisha marehemu baba, na alikuwa na utaratibu wake: pikapu hainyanyuliwi ikiwa tupu. Unaipakia kwanza magunia ya mchanga, uzito ule itakaoubeba, dereva anakaa kwenye stelingi, ndipo unapima kwa shubiri kutoka kwenye tairi hadi madigadi, kulia na kushoto. Magunia ya baba bado yapo. Feisal mwenyewe alikuwa ameyaegemea, anachezea simu.

Sikupakia hata moja. Niliingia chini na spana, nikakaza kulia, nikakaza kushoto. Pua ikapanda, ikalingana na nyuma. Nilipaswa kuishia hapo, tena hata chini ya hapo.

"Ongeza kidogo," akasema, anaipiga picha.

"Wewe tu, bwana harusi."

Nikakaza mpaka boliti zikagoma. Nilijua fika kwamba wale wa matarumbeta wakishapanda, nyuma itakaa chini, na mbele zile tairi zitabaki zinaigusa barabara kwa adabu tu. Hapo ukikata kona, gari inaenda inakotaka yenyewe. Nilifunga banda, nikaenda kula ugali, na nilikula vizuri.

Jumamosi mchana, ndoa imeshafungwa kwa kina Nasma, simu ikaita. Feisal. "Hadia, njoo haraka! Gari imetushinda, tupo mtaroni!"

Nikapakia jeki na spana kwenye pikipiki. Niliwakuta kwenye kona ya kalavati, barabara ya vumbi, msafara mzima umesimama. Pikapu imelala ubavu mmoja mtaroni, pua imetazama mawingu. Mpiga ngoma kubwa alikuwa anajitoa matope masikioni, anatukana. Hakuna aliyevunjika. Nasma alikuwa bado amekaa ndani, shela imemwangukia usoni.

"Ishushe hii pua upesi, watu wanatusubiri," Feisal akasema.

"Kwanza sema."

"Niseme nini?"

"Ulichonisingizia na dereva wa lori. Kiseme hapa, wote wasikie. La sivyo, hii jeki narudi nayo."

Akanisogelea, akashusha sauti. "Hadia, usinifanyie hivi. Leo harusi yangu."

"Na mimi yangu uliifanyaje?"

Matarumbeta yalikuwa yamenyamaza. Watu walishaanza kujaa, wa msafara na wapita njia, simu juu. Feisal akaangalia huku na huku.

"Sikumkuta na mtu," akasema.

"Sauti!"

"Sikumkuta na mtu! Nilisema vile ili nimwache. Basi, umeridhika?"

Roho yangu ikasuuzika! Mama yake Feisal alijifunika mdomo kwa ushungi. Mmoja wa wale wanawake wa kanga akaniita dada. Nilitamani mama yangu angekuwepo asikie kwa masikio yake.

Nasma akatoa kichwa dirishani. "Feisal, mimi si uliniambia mliachana kabla hujanijua?"

Vijana wakasukuma pikapu ikatoka, nikaingia chini, nikalegeza boliti, pua ikashuka. Nilipotoka, Nasma alikuwa amesimama kando ya pikipiki yangu.

"Nipeleke kwa baba," akasema.

"Nasma, mke wangu..." Feisal akaanza. Nilipiga kiki nikicheka, sitaki kudanganya. Nilikuwa nimeomba jina langu tu, na sasa napewa na nyongeza.

Njiani alikuwa analia mgongoni kwangu. Nikamwambia alie tu, amtoe yule mtu moyoni.

"Kwani gari iliharibika nini?" akauliza.

Nikamweleza yote, tena kwa majigambo: magunia nilivyoyaacha, boliti nilivyozikaza mpaka zikagoma, na Feisal alivyosimama pale anapiga picha. Nilidhani tutacheka wote wawili.

Nasma aliacha kulia. "Alikwambia mbele watakaa akina nani?"

"Yeye na bibi harusi."

Mwenyewe nilisikia nilichokisema.

"Simama," akasema.

Nikasimamisha. Akashuka, akakusanya gauni lake mikononi, akavuka barabara. Nilimwita. Nikamwita tena, nikamwambia kwao bado ni mbali, jua kali. Hakugeuka. Akapunga mkono, akasimamisha bodaboda.